Mjomba, Karafuu na Migahawa Miwili ya Kivietnam

Mjomba wangu alipokuja kutoka Pemba kukaa nami wiki tatu hapa Milton Keynes, siku ya tano alitamka kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kwamba kuku wa kukaanga wa mji huu amemshinda, na kwamba kama safari yetu ya London ya Jumamosi ilikuwa bado ipo, angependa huko ale kitu chenye mchuzi wa moto. Nikamwambia nitampeleka kwa Wavietnam. Sikujua kwamba kwa ahadi hiyo nilikuwa nimejitwisha kazi ya siku mbili ya kusoma maoni ya walaji kwenye simu, kulinganisha nyota, na kugombana kimoyomoyo na watu nisiowajua kuhusu supu ambayo mjomba, kama nitakavyoeleza, hakuinywa.

Mkaazi wa London hana haja ya kuumiza kichwa namna hiyo, kwa sababu akikosea leo atarudi wiki ijayo akajaribu mlango wa pili. Sisi tunaoingia kwa treni asubuhi na kuondoka usiku tuna mlo mmoja wa kukaa chini, na ukiharibika hakuna wa kuufidia, ndiyo maana mgeni wa siku moja huishia kufuata mkumbo: huuliza ni mgahawa upi unaosifiwa kuliko yote, akaenda huko, akapanga foleni. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi na sikujuta mara nyingi. Kasoro ya swali hilo ni kwamba limekatika katikati, maana halisemi mgahawa unasifiwa kwa chakula gani, wala nani anakwenda kukila.

Ipo njia rahisi zaidi, nayo ni kuingia katika tawi mojawapo la kampuni ya migahawa ya Kivietnam iitwayo Pho, iliyoanzia Clerkenwell mwaka 2005 na ambayo sasa ina matawi mengi nchini. Chakula chake ni safi na hakina mshangao, na kwa mtu mwenye dakika arobaini kabla ya treni sina neno la kumkataza. Ila nikiri kwamba sijasahau kisa cha mwaka 2013, ilipojulikana kwamba kampuni hiyo ilikuwa imelisajili neno lenyewe la phở, jina la supu ya tambi ya Kivietnam, kuwa alama yake ya biashara, na ikautaka mgahawa mmoja mdogo wa kusini ya London uache kulitumia katika jina lake. Kelele zilipozidi mitandaoni kampuni ikaiachia alama hiyo. Msomaji wa Unguja na afikirie mtu aliyesajili neno urojo, kisha akamwandikia barua muuza urojo wa Forodhani.

Nilichotaka mimi ni Kingsland Road, barabara inayopanda kutoka Shoreditch kuelekea Dalston, katika mtaa wa Hackney, mashariki ya London. Wavietnam hawakufika hapo kwa bahati nasibu. Vita vya kwao vilimalizika Aprili 1975, lakini wimbi kubwa la waliokimbia kwa mashua lilikuja miaka ya 1978 na 1979, na wengi wa waliopokelewa Uingereza walipitia kambi za Hong Kong, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Mwaka 1979 serikali ya Margaret Thatcher ilikubali kuchukua wapatao 10,000 kutoka kambi hizo, kisha ikawatawanya nchini, familia chache hapa na chache kule, ili pasiwe na mji utakaodai kwamba umelemewa. Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 wanaifahamu hadithi ya namna hiyo, kwa sababu wao waliambiwa wasiende mji wa Leicester, na Leicester ndiko walikokwenda. Wavietnam nao walihama kidogokidogo kuwafuata wenzao mpaka wengi wakajikuta Hackney, wakashona nguo katika karakana za huko, na kazi ya cherehani ilipoanza kufifia miaka ya 1990 wakageukia biashara za kucha na za chakula.

Katika barabara hiyo kuna migahawa miwili ambayo majina yake hayakosekani katika mazungumzo yoyote ya wapenzi wa chakula hiki. Sông Quê Café ipo namba 134, pembeni mwa Museum of the Home, jumba la makumbusho lililomo katika nyumba za wazee maskini zilizojengwa mwaka 1714. Mien Tay ipo namba 122, milango michache tu upande wa chini. Mtu anaweza kusimama baina ya miwili hiyo, akaziona foleni zote mbili, na asijue aelekee wapi, na mvua ya London huwa haimpi muda mrefu wa kutafakari.

Majina yenyewe yalinisaidia kuliko nyota. Sông ni mto, na quê ni kule mtu alikotoka, pale ambapo sisi tungesema "kwetu" bila kutaja kijiji, kwa hiyo Sông Quê ni mto wa kwetu. Miền Tây ni ukanda wa magharibi, jina ambalo watu wa kusini ya Vietnam huliita eneo la delta ya Mekong, nchi ya mpunga, mifereji, minazi na samaki wa maji baridi. Jina la kwanza ni la hamu ya nyumbani, na linaweza kubandikwa juu ya jiko lolote. La pili linakutajia jiko lenyewe. Anayeandika Delta ya Rufiji juu ya mlango wake amekwishakuahidi kitu, na una haki ya kumdai.

Nyota nazo nilizisoma, kwa kuwa sikuwa na budi. Malalamiko yaliyorudiwarudiwa kuhusu migahawa ya barabara hii ni kwamba wahudumu hawatabasamu, kwamba unaweza kuketishwa meza moja na usiowajua, na kwamba hesabu huletwa kabla hujafuta mdomo. Kwa aliyewahi kunywa supu ya asubuhi Darajani, akiwa amebanwa baina ya mpagazi na karani, malalamiko hayo yanakaribia kuwa sifa. Meza inayobadilisha watu haraka ina maana kwamba sufuria ya leo itakwisha leo, na katika chakula ambacho roho yake ni mchuzi wa mifupa, hilo lina uzito kuliko tabasamu.

Kitu ambacho nimejifunza kukitazama kwenye simu ni picha zinazopigwa na walaji wenyewe, na katika picha hizo huwa naanza na sahani ya majani kabla ya bakuli. Phở ya mtindo wa kusini huletwa pamoja na sahani ya pembeni yenye choroko zilizochipua, ndimu, pilipili, na rehani ya Kiasia ambayo shina lake ni la zambarau na harufu yake inakaribia ya shamari. Mahali panapojali, utaona pia jani refu lenye kingo za msumeno, ambalo wao huliita ngò gai na ambalo hunukia kama kotmiri iliyopandishwa cheo. Mlaji wa kawaida hatalikosa jani hilo lisipoletwa, na kwa sababu hiyo mwenye mgahawa anayelinunua anakwambia kwamba anampikia pia yule mwenzake wa kwao aliyeketi kwenye kona. Baada ya majani ndipo nitazame uso wa mchuzi. Ukiwa mwangavu, una viduara vidogo vya mafuta, ujue mifupa ilichemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Ukiwa wa kivumbivumbi, mpishi alikuwa na haraka.

Phở inafaa kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo inayowavuta watu wengi Kingsland Road na ndiyo inayowapotosha. Ni chakula cha kaskazini, kilichojitokeza mwanzoni mwa karne ya ishirini katika eneo la Hanoi na Nam Định: tambi pana za mchele, nyama ya ng'ombe, na mchuzi wa mifupa uliotiwa kitunguu na tangawizi vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, karafuu, giligilani, iliki kubwa nyeusi, na kile kiungo chenye umbo la nyota ya ncha nane. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954 watu wa kaskazini walihamia kusini kwa mamia ya maelfu, na supu yao ikaenda nao, na huko kusini ikaongezewa sukari, majani, choroko na michuzi ya kwenye chupa. Mhafidhina wa Hanoi huitazama sahani ya majani kama mzee wa Mombasa anavyomtazama mtu anayemimina tomato sosi juu ya biriani. Kilichonishangaza katika kusoma historia ya Hackney ni kwamba sehemu kubwa ya waliopitia Hong Kong walikuwa watu wa kaskazini, wengi wao wenye asili ya Kichina, na bado bakuli unalokutana nalo kwenye barabara hii mara nyingi linabeba mkono wa kusini. Nadhani wateja ndio waliolivuta huko, kwa sababu Mwingereza akishaionja rehani hairudishi.

Kama ningekuwa peke yangu siku ile, na baridi ilivyokuwa, nisingejishauri. Ningefika Sông Quê saa sita kamili mchana kabla ya foleni, nikaketi meza ya pamoja, nikaagiza phở yenye nyama ya aina mbili, tái, yaani nyembamba mbichi inayoivia bakulini, na gân, yaani kano zilizopikwa mpaka zikalegea, na ningeondoka baada ya nusu saa. Menyu za migahawa hii ni ndefu kupita kiasi, zina namba kama daftari la mahudhurio, ilhali huko Vietnam vibanda vingi vyenye sifa huuza chakula kimoja tu. Mgeni anayedhani kwamba kila namba imepikwa kwa moyo uleule anajidanganya. Njia ya kuaminika ni kuzungusha macho mezani: ukiona watu wanane kati ya kumi wameinamia bakuli la namna moja, huna sababu ya kuagiza wali wa kukaanga.

Lakini sikuwa peke yangu. Usiku wa Ijumaa, nilipokuwa nikimweleza mjomba uzuri wa mchuzi wa mifupa kwa ufasaha ambao naona haya kuukumbuka, aliniacha nimalize, kisha akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, huyo ng'ombe kachinjwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ningeweza kupiga simu kuuliza.

"Uliza ukipenda," akasema, "lakini hata wakikwambia ndiyo, mimi nitakula na shaka, na chakula cha shaka hakishuki. Samaki hachinjwi. Huko kwao hakuna samaki?"

Hapo hesabu yote iligeuka. Mgahawa niliokuwa nimeuchagua unasifiwa kwa kitu ambacho mgeni wangu hali, na kila tambi yake maarufu inaogelea katika mchuzi huohuo. Kumpeleka huko ale mboga za kukaanga wakati chumba kizima kinafukiza supu ingekuwa sawa na kumpeleka mtu Lamu kisha ukamfungia hotelini. Mlango wa pili, wenye jina la nchi ya mito na samaki, ndio uliokuwa wake tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeuweka wa pili kwa sababu phở ndiyo niliyoipenda mimi.

Niongeze tahadhari moja kwa wasiokula nguruwe, kwa kuwa nilijifunza kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita, katika mgahawa mmoja ambao sitautaja na ambao haupo kwenye barabara hii, niliagiza zile rolo za kukaanga zilizoandikwa kwenye menyu kuwa za kamba na kaa, nikala mbili kabla sijagundua kwamba kilichozishika ndani kilikuwa nguruwe wa kusaga. Mhudumu aliponiona nimesimama alishangaa kweli kweli. Kwake kamba ndiye aliyezipa rolo hizo jina, na nguruwe alikuwa kama unga tu, kitu cha kushikilia. Tangu siku hiyo siulizi "hiki ni cha nini?" bali "ndani yake mna nguruwe?", na huuliza kwa kila sahani, hata ile ninayoijua. Supu ya bún bò Huế, kwa mfano, hutangazwa kuwa ya ng'ombe, kwa kuwa bò ni ng'ombe, lakini kwa desturi hupikwa pamoja na miguu ya nguruwe, na mara nyingine hutiwa vipande vya damu iliyogandishwa. Ina mchaichai na uduvi uliovundikwa, na harufu yake ingemwita mtu wa pwani kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi.

Tulishuka Hoxton kwa treni ya juu ya ardhi, njia ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Windrush, tukapata meza Mien Tay baada ya kungoja kiasi cha robo saa. Mgahawa huu una sifa ya mbuzi wake wa kuchoma, aliyetiwa mzizi unaofanana na tangawizi lakini wenye ukali wa namna yake, na nilimtazama mbuzi huyo akipita kwenda meza nyingine kwa masikitiko ambayo mjomba aliyaona na akayapuuza. Pia kuna desturi ya kusini ya kuviringisha nyama ya ng'ombe ndani ya jani liitwalo lá lốt na kuichoma juu ya makaa. Jani hilo ni la ukoo mmoja na tambuu, na nilipomwonyesha mjomba lilivyo, alitikisa kichwa na kusema kwamba tambuu inatafunwa, haivishwi nguo.

Tulianza na bánh xèo, ambayo naamini ndiyo inayomfaa kuliko zote mtu wa kwetu anayeketi katika jiko la kusini kwa mara ya kwanza. Ni chapati nyembamba ya unga wa mchele uliokorogwa kwa tui la nazi na manjano, ikamiminwa juu ya chuma cha moto, na xèo si chochote ila ile sauti ya unga unapogusa chuma, kama tungeuita mkate wa chwaa. Kwa kawaida huwekwa kamba na nguruwe ndani yake. Tuliomba kamba peke yao, mhudumu akakubali bila kushangaa, na nilimpenda kwa kutoshangaa kwake. Unaivunja kwa mkono, unaifunga katika jani la saladi pamoja na nanaa na rehani, unaichovya katika mchuzi wa samaki uliotiwa ndimu, sukari na pilipili. Mjomba, ambaye kwa siku tano alikuwa akipambana na uma na kisu kwa heshima yangu, alivua saa ya mkononi akaiweka mezani.

Kisha ikaja canh chua, supu ya uchachu ya delta, na hapo sikuwa na la kufasiri. Samaki, ukwaju, nanasi, nyanya, bamia na choroko zilizochipua, katika mchuzi mwepesi unaochachuka kwanza na kuwa mtamu baadaye. Mjomba aliivuta karibu, akaionja, akanyamaza, akaionja tena. Alikula bakuli tatu ndogo, na lawama yake ilikuwa moja, sukari, ambayo ni lawama ya haki kabisa na ambayo hata watu wa Hanoi huwapa wenzao wa kusini. "Huyu aliyepika ni mpishi," alisema, "lakini kuna mtu amepita nyuma yake na kopo la sukari." Samaki aliyepikwa polepole katika chungu kwa sukari iliyounguzwa, cá kho tộ, tulimwacha nusu kwa sababu hiyohiyo, ingawa mimi nilimpenda, na kesho yake nilijilaumu kwa kutomfungasha.

Kahawa yao niliagiza mimi. Hudondoka polepole kutoka kichujio cha bati hadi juu ya maziwa mazito ya kopo, na kwa kuwa Vietnam ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa kahawa ya robusta duniani, ina ule uchungu mzito ambao mtu wa Bukoba au Uganda ataujua kabla kikombe hakijamfika. Mjomba aliikataa kwa sababu ya maziwa.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika, naye akasema anataka kuuona ule mgahawa niliomnyima. Tukapanda hatua chache mpaka namba 134. Foleni ilikuwa imefika nje, mlango unafunguka na kufungwa, na kila ukifunguka joto la supu linatupiga usoni. Mjomba alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gulio.

"Wametia karafuu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, karafuu, mdalasini, giligilani na vingine, tena vitunguu hubabuliwa kwanza.

Akangoja mlango ufunguke mara nyingine, akavuta pumzi.

"Karafuu kavu, lakini imekaa sana gunia. Ya kwetu ingesikika mpaka kule kituo cha basi."

Kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mwisho wa foleni alitugeukia, akatuuliza kama na sisi tunangoja meza.